Siku Uonevu Ulipoisha Shuleni

Shuleni kwetu uonevu uliisha kwa asubuhi moja. Nasema kweli. Mgeni alikuja na gari la shamba, akazungumza nasi, akaondoka, na tangu saa ile hakuna mtoto aliyempiga mwenzake, wala kumnyang'anya kiporo, wala kumbebesha dumu la maji lisilo lake. Mwalimu mkuu alifurahi mpaka akatutangazia mstarini kwamba shule yetu sasa ni ya mfano. Mimi nilikuwa nimesimama mwisho kabisa wa mstari, na kati yangu na mwenzangu wa mbele palikuwa na nafasi ya mtu mzima kulala akajinyoosha. Sababu ya mfano huo ilikuwa mimi.

Tuliishi kwenye kota za shamba la ngano la serikali, upande wa Hanang. Wazazi wangu walitoka Nambis, kule juu Mbulu, ambako shamba la babu lilikuwa limegawanywa na kugawanywa mpaka likabaki la kufugia kuku. Baba akashuka kutafuta kazi, akapata ulinzi wa karakana ya matrekta. Nambis ukitoka mlangoni unaona bonde, moshi wa jirani, ng'ombe wa mtu unayemjua. Kwenye kota ukitoka mlangoni unaona ngano. Ukizunguka nyuma ya choo, ngano. Njia zote za zamani za miguu zilikuwa zimelimwa, na kukatisha katikati ya shamba lilikuwa kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Kwa hiyo barabara ilikuwa moja tu, ya kwenda shule, dukani, zahanati na kanisani, na kila unayemwogopa naye alipita hapo hapo.

Niliyemwogopa mimi alikuwa binti wa msimamizi wa mashamba. Baba yake alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mwenye kofia na pikipiki, na ndiye aliyeamua familia zipi ziingie shambani kuokota masalia baada ya kombaini kupita. Masalia yale ndiyo yalikuwa uji wetu. Binti yake alikuwa kiranja, darasa moja na mimi, mrefu kidogo kunizidi, na alikuwa na kicheko kizuri sana, hilo lazima nilikubali. Kila asubuhi, tukijipanga kwa ukaguzi, alikuwa akifikicha suke la ngano kiganjani na kunitumbukizia zile ndevu zake ndani ya kola. Asiyezijua ndevu za ngano ashukuru. Zinachoma, zinatambaa, na kila ukitikisika zinashuka zaidi. Na aliyejikuna mstarini alichapwa.

"Tulia, Makapi," alikuwa akininong'oneza. "Mwalimu anakuja."

Makapi ndilo jina alilonipa, kwa kuwa tulikula kilichobaki. Nilimwambia mama. Mama akanipekua shingo, akanipaka mafuta, akasema, "Vumilia, mwanangu. Mavuno yamekaribia." Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, ila nilijua hapo kwamba nimefungiwa. Nyumbani hakusemeki, shuleni hakusemeki, na kwingine kote ni ngano.

Ndipo akaja mgeni.

Tuliambiwa anazunguka kwenye shule za mashambani kuzungumzia malezi. Alikuwa bwana mwembamba, mpole, mwenye viatu vilivyojaa vumbi, na nikiwa mkweli alizungumza vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama uwanjani kwetu. Alisema uonevu wa watoto ni unyonyaji unaoanza mapema. Alisema anayemwonea mwenzake leo kwa dumu la maji kesho atamwonea kwa ofisi. Akawaigiza mwenye kuonea na mwenye kuonewa, mwenyewe kote kote, tukacheka. Kisha akauliza kama kuna aliyeonewa kati yetu anyooshe mkono.

Hakunyoosha mtu. Uwanja ulinyamaza. Na mimi, asubuhi ile, nilikuwa na ndevu za ngano mpaka kiunoni. Nilikuwa nimezivumilia tangu ukaguzi, nimezivumilia wimbo wa taifa wote na hotuba yote, na katika ukimya ule mkono wangu ukanishinda. Ukapanda shingoni kujikuna.

"Pale!" akasema mgeni, na uso wake ukang'aa. "Njoo, binti. Usiogope."

Nikaenda. Nani angemkatalia mgeni? Akaletewa benchi, akanipandisha. Kwa wema wake akaona jua linawapiga wenzangu usoni, akawageuza walipe jua mgongo ili wanione vizuri. Mimi sasa ndiye niliyetazamana na jua. Ilikuwa saa nne na nusu hivi.

"Sema kwa sauti," akaniambia, "Mungu na watu wasikie. Mtaje."

Hapa inabidi nieleze, maana mgeni hakujua, na mwalimu mkuu, aliyetoka mbali kama msimamizi, hakujua. Kwetu sisi watu wa Mbulu, mtu aliyeonewa, akakosa wa kumwamulia, anatoka nje peupe, analitazama jua, anamtaja aliyemwonea na alichomtendea, kisha anasema yeye hakukosa kitu. Basi. Hatukani wala hapigi kelele. Amemwachia Mungu amalizie. Kama kweli ameonewa, aliyetajwa atapatwa, yeye au nyumba yake. Wazee wenyewe hulikwepa jambo hilo, huzunguka kwanza kwa mazungumzo na pombe na ng'ombe kabla hawajalifikia. Watoto hawalifanyi kabisa.

Watu huniuliza kama nilijua. Nilikuwa na miaka kumi na moja na mgongo unaowaka moto. Nilitaka ndevu za ngano zitoke.

Nikamtaja. Nikasema, "Ananitia ndevu za ngano shingoni. Ananiita Makapi. Mimi sijamkosea kitu." Machozi yalikuwa yananitiririka kwa ukali wa mwanga, na sikuweza kutazama pengine kwa sababu mgeni alikuwa amenishika mabega, ananitia moyo.

Alipiga makofi. Walimu wakapiga makofi. Watoto, karibu wote wakiwa watoto wa watu wa Mbulu kama mimi, wakabaki mikono chini. Wa mstari wa mbele walianza kurudi nyuma, taratibu, wakikanyagana vidole.

Habari ilinitangulia nyumbani. Mama alikuwa anapeta ngano, akaweka ungo chini. Hakuniuliza kwa nini nimesema wala nimesema nini. Aliniuliza, "Ulikuwa unatazama wapi?"

Nilipomwambia, alikaa chini pale pale kwenye makapi.

Kuanzia kesho yake uonevu ukaisha. Wakubwa waliwarudishia wadogo penseli zao. Foleni ya bombani ikanyooka yenyewe. Nani angethubutu kumsukuma mtoto mwenzake, wakati benchi liko pale pale na jua liko pale pale? Lakini na utani ukaisha. Watoto wa kwetu wanataniana tangu wakiamka, nani ana miguu ya korongo, nani mama yake anapika makande mabichi, na yote hayo yakakauka, maana hakuna aliyejua utani unaishia wapi na kuonea kunaanzia wapi. Shule ilikuwa na kelele za kuku waliofungiwa, ghafla ikawa kimya, na walimu waliuita ule ukimya nidhamu.

Mimi walinipa kila kitu. Walinipa nafasi ya kwanza bombani. Tulipocheza rede walinipa katikati, mahali pa kurushiwa mpira na kukwepa, na hakuna aliyenirushia. Walikuwa wanarusha pembeni, mbali, wananiacha nimesimama. Unajua kusimama katikati ya rede bila kurushiwa mpira? Nililia pale pale, na nilipolia wote walikimbia.

Yeye, binti wa msimamizi, alicheka mwanzoni. Alidhani nimemshtaki kwa mwalimu tu, na mwalimu hangemfanya kitu. Kisha aliyekaa naye dawati moja akahama. Wale waliokuwa wakimbebea mkoba wakawa na safari nyingine. Siku moja akakohoa darasani, kikohozi cha vumbi tu, na darasa zima likageuka kumtazama, likasubiri. Nadhani hapo ndipo alipouliza na mtu akamweleza.

Akaanza kunifuata. Barabara ni ile moja, na hakuna mwingine aliyekubali kutembea na yeyote kati yetu, basi tukawa tunatembea wawili, mimi mbele, yeye nyuma kidogo, ngano kushoto na kulia.

"Nitakufa?" akaniuliza siku hiyo ya kwanza.

"Sijui."

"Lini?"

"Nimesema sijui."

Tukatembea. Nilisikia viatu vyake. Mimi nilikuwa pekupeku.

"Si uifute tu," akasema. "Wewe si ndiye uliyeiweka?"

Sikumjibu, kwa kuwa sikujua kama inafutika, na kwa kuwa, Mungu anisamehe, ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiniomba kitu.

Hakupatwa na chochote. Hilo watu hawalitaki nikisimulia. Wanataka homa, wanataka paa la bati liezuliwe. Hakuna. Kilichokuwepo ni watu kusubiri. Kina mama wa kwetu waliacha kupeleka maziwa nyumbani kwao, wakawa wanaweka chupa mbali, kwenye jiwe, na kuondoka. Wapakiaji wa magunia walikataa kazi kwenye upande aliousimamia baba yake. Madereva wa kombaini walikuta mashine zao zina ugonjwa kila alipokuwa akitokea na pikipiki. Na ngano ilikuwa imeiva, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima Hanang kila jioni.

Ndivyo msimamizi alivyofika kwetu. Ilimbidi ainame kuingia, kofia mkononi.

"Mzee," akamwambia baba, ambaye siku zote alimwita mlinzi, "sisi ni watumishi wa serikali. Mambo haya ya kizamani tuyaache. Mwambie mtoto aseme yameisha."

"Sawa, bwana mkubwa," baba akasema. "Lakini si mimi niliyesema."

"Basi nani anaweza kuyamaliza?"

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimeshika mwiko. Ugali uliungua.

Njia ilikuwepo, mama akanieleza kesho yake tukiwa tunafua. Ni kusimama tena pale pale, saa ile ile, mbele ya watu wale wale. Unatia maji safi mdomoni, unamtemea kifuani yule uliyemtaja, kwa mnyunyizo mwepesi, kama wanavyofanya wazee wakibariki. Yanaisha. "Ila moyo wako uwe mweupe," mama akasema. "Ukimtemea huku una kinyongo, yanakurudia wewe mwenyewe. Hapo hakuna wa kukutoa."

Nilijitahidi. Mtu asidhani sikujitahidi. Nilikwenda kanisani nikapiga magoti mpaka yakauma. Nilijaribu kumkumbuka akicheka. Nilijaribu kumwonea huruma, na huruma ilikuwepo, niliiona barabarani kila siku, jinsi alivyoacha kuchana nywele. Lakini kila nikigusa shingo, kinyongo kilikuwa pale pale. Kota nzima ilikuwa inanisubiri nisamehe: baba kwa ajili ya kazi, mama kwa ajili yangu, msimamizi kwa ajili ya mavuno, mwalimu mkuu ili amalize aibu ya shule ya mfano. Kila nilipotoka mlangoni mtu alinichungulia usoni, kuona kama tayari. Nilichukia kuchunguliwa kuliko nilivyowahi kuchukia ndevu za ngano. Na yeye mwenyewe, niliyetakiwa kumsamehe, alikuwa bado hajasema samahani.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa, wapakiaji, madereva, kina mama wenye watoto mgongoni. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni mwa ofisi, hajui atazame au aingie ndani. Wazee wawili wa ghalani wakaniletea maji kwenye kibuyu. Nikatia mdomoni. Yalikuwa ya baridi, na nikasema moyoni, haya, nitamsamehe, nimechoka. Nilikuwa nimefika hapo kabisa. Nataka hilo lieleweke.

Akasogea, akainama kidogo ili nimfikie. Uso wake ulikuwa karibu na sikio langu.

"Fanya haraka, Makapi," akanong'ona.

Nikayameza.

Kila mtu aliliona koo langu likishuka. Mama alishika kichwa. Yule binti alibaki ameinama, anasubiri mnyunyizo, na ulipita muda kidogo kabla hajainuka kunitazama. Sijawahi kuona mtu mwenye hofu kiasi kile, na sikusikia raha yoyote. Nilisikia maji yakifika tumboni.

Msimamizi aliomba uhamisho. Waliondoka na lori kabla mvua hazijashika, makochi juu, binti yake amekaa katikati ya makochi akitazama nyuma. Ngano ikavunwa.

Ni mimi niliyebaki. Baba alitaka kurudi Nambis, na kwa miaka alijaribu hata kufukuzwa, akawa anachelewa lindo makusudi. Hakuna msimamizi aliyethubutu kumfokea baba wa yule mtoto. Likizo nikipelekwa Nambis, nilikuta habari imeshapanda milima. Shangazi zangu walinichagulia kipande kikubwa cha nyama na kunipa kwa mikono miwili.

Nikawa mwalimu, nikapangiwa Endasak. Darasa langu lilikuwa kimya kuliko kanisa, na wakaguzi walinisifu. Sokoni kina mama walinijazia kopo la maharage mpaka linamwagika, na walipokuwa wakicheka kabla sijafika, walinyamaza nikifika. Niliolewa na mtu wa mbali. Mwaka wa kwanza alinitania sana, kuhusu ugali wangu, kuhusu ninavyokoroma, na nilikuwa nikienda shule nikitabasamu njiani. Mwaka wa pili majirani wakamweleza. Ni mtu mwema, tunaishi vizuri. Hajanitania tena.

Tangu siku ile hakuna aliyenionea. Nimekuwa nikiwasikiliza wageni wengine wanaokuja shuleni na mazungumzo yao, wengi wao watu wazuri, na wakiwauliza watoto nani ameonewa anyooshe mkono, huwa natoka nje kwa kisingizio cha chaki. Siwapingi. Watoto wanaonewa, na mtu aseme. Ninachojua mimi ni kwamba yule bwana mpole alinipandisha benchi, na hakuna aliyewahi kuniteremsha.

Mwaka ambao mashamba yalianza kufa, kombaini zikaachwa na kutu na wafanyakazi wakarudishwa makwao, nilikwenda mnadani. Nilikaa kwenye benchi la mama lishe, nikaomba maji ya kunywa kwanza. Jua lilikuwa kali. Wateja wengine walijisogeza kunipa nafasi, kama kawaida, nafasi kubwa kuliko ninayohitaji.

Mbele yangu akasimama mwanamke mnene, mwenye kanga mbili na mtoto mkononi. Nyuma yake mume wake alikuwa anapanga bei ya maharage ya kupakia kwenye lori. Akanitazama. Nami nilikuwa nimeshatia maji mdomoni, nikamtazama juu ya kikombe. Ni macho niliyoyatambua kwanza.

"Wewe, Makapi!" akasema kwa sauti ya mnada mzima. "Miaka yote hii, bado maji yako mdomoni tu?"

Mama lishe aliacha kupakua. Wateja walishika sahani zao. Na mimi, nasema kweli, nilicheka. Sikuamua. Kicheko kilinitoka tumboni kama kilikuwa kimewekwa huko, na maji yote yakaruka, yakamlowesha kifua, shingo, na mtoto.

Akainamisha kichwa, akaitazama kanga yake inavyochuruzika, kisha akalitazama jua, kisha mimi.

"Nisamehe," akasema.

"Imeshatoka," nikamwambia. "Kaa basi, unanizibia upepo."

Akakaa, karibu kabisa, bega kwa bega, akanipa mtoto nimshike ili ajifute.